Kusamehe Ndiko Kuhubiri Kwetu



Katika kisiwa hiki cha Unguja sisi Wakristo tu wachache. Adhana ya alfajiri hutuamsha kabla ya kengele za Minara Miwili, na karibu majirani zetu wote ni Waislamu, kama walivyokuwa wazazi wa wazazi wao. Katika hali hiyo kila mwamini hukutana, mapema au baadaye, na maswali mawili. La kwanza: nitaishuhudiaje imani yangu mahali ambapo wengi hawaiulizii? La pili: nitamsameheje aliyenikosea, au aliyelikosea Kanisa langu, na hali jeraha bado ni bichi?

Wengi wetu huyatenga maswali hayo. La kwanza tunalihesabu kuwa kazi ya makatekista na wamisionari. La pili tunalihesabu kuwa jambo la moyoni, la kumalizana na padre katika maungamo. Makala haya yanadai kwamba hayo si maswali mawili bali ni moja. Hapa Unguja mahubiri yanayoweza kusikika ni msamaha, na msamaha usio na ukweli na haki hauhubiri kitu. Tuyapime madai hayo kwa historia yetu wenyewe na kwa mafundisho ya Bwana wetu.

MAHALI KANISA LILIPOPANDWA

Hakuna mahali pengi duniani ambapo Kanisa limejengwa juu ya jeraha lililo wazi kama Mkunazini. Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la mji. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana liliwekwa palepale penye soko. Sehemu ya kiwanja ilitolewa bure na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Yasimuliwa kwamba altare hiyo imewekwa mahali waliposimamishwa watumwa kuchapwa viboko mbele ya wanunuzi. Mahali pa kiboko pamekuwa mahali pa Ekaristi.

Wageni wanaofika pale leo huteremshwa katika vyumba vya chini, vyenye giza na dari fupi, ambamo huambiwa walifungiwa watumwa. Uani wanaiona kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs, sanamu za watu waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Wengi hutoka wakiwa kimya. Lakini wapo wanaotoka na hukumu rahisi: kwamba utumwa ulikuwa dhambi ya Waarabu na Waislamu, na Wakristo ndio waliokuja kuwakomboa watu. Na wapo Wakristo wenzetu wanaoipenda hukumu hiyo kwa sababu yawafanya wadai katika mji ambao wao ni wachache.

Ndugu zangu, hukumu hiyo si ya kweli, na mtu hawezi kusamehe kwa misingi ya uongo. Tukumbuke kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa hao walitakiwa kwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Réunion na Mauritius. Waliowanunua walikuwa watu waliobatizwa, na waliporudi nyumbani walihudhuria Misa. Utumwa haukufutwa Réunion mpaka mwaka 1848. Basi, mapadre Wakatoliki wa kwanza walipofika Unguja mwaka 1860, walifika wakitokea kisiwa hichohicho cha Réunion, ambako miaka 12 tu iliyotangulia watu wa pwani yetu walikuwa bado mali ya Wakristo. Mwaka 1863 kazi yao ilikabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliovuka mwaka 1868 kwenda Bagamoyo. Waliwanunua watoto sokoni ili wawaweke huru, na tendo hilo lilikuwa jema. Lakini halikufanywa na mikono iliyokuwa safi tangu mwanzo. Lilifanywa na watoto wa jamii iliyokuwa na deni.

Tukumbuke pia yaliyotokea mwaka 1897, hali ya utumwa yenyewe ilipoondolewa kisheria katika Zanzibar iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Fidia ililipwa. Je, alilipwa nani? Walilipwa mabwana kwa kupoteza mali yao. Mtumwa aliyeitumikia konde ya karafuu miaka 30 hakupewa hata pesa moja kwa jasho lake, na tena ilimbidi aende mwenyewe kuuomba uhuru wake. Serikali ya taifa la Kikristo ndiyo iliyoisimamia hesabu hiyo. Kwa hiyo, tunaposimama Mkunazini, tusisimame kama mahakimu. Tusimame kama jamaa ya wadeni waliokutana mahali pamoja: Mwarabu aliyemiliki, Mhindi aliyekopesha mtaji, mtemi wa bara aliyewauza watu wake, Mzungu aliyenunua na baadaye akapiga marufuku. Papa Yohane Paulo II alilifahamu jambo hilo. Tarehe 22 Februari 1992, katika kisiwa cha Gorée kule Senegal, hakusimama kuwashtaki wengine. Aliomba msamaha wa mbinguni kwa ajili ya dhambi iliyotendwa na watu waliobatizwa.

DENI LA TALANTA 10,000

Ndiyo sababu mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, watufaa sana sisi wa visiwani. Petro alitaka kujua kikomo cha kusamehe, naye akadhani kwamba mara saba ni ukarimu mkubwa. Yesu akakivunja kikomo hicho, kisha akasimulia habari za mtumishi aliyesamehewa talanta 10,000, naye akamkaba koo mwenzake aliyewiwa dinari 100.

Tufanye hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni la mwenzake lilikuwa kazi ya siku 100. Si dogo, maskini atahangaika nalo, na Yesu hakusema ni uongo. Lakini deni la yule mtumishi lilikuwa ujira wa siku 60,000,000. Hakuna ukoo ungeweza kulilipa. Kosa lake halikuwa kudai deni lisilokuwapo. Kosa lake lilikuwa kusahau, alipotoka mlangoni kwa mfalme, kwamba yeye mwenyewe yu hai kwa kusamehewa.

Hapo ndipo msamaha na ushuhuda vinapoungana. Mkristo hana Habari Njema nyingine ya kumpelekea jirani yake kuliko hii: nilikuwa na deni nisiloweza kulilipa, nami nimesamehewa. Akiisema kwa kinywa huku mkono umemshika mwenziwe kooni, nani atamwamini? Sala aliyotufundisha Bwana yaufunga mlango huo kwa komeo, maana twaomba tusamehewe kwa kadiri tunavyosamehe.

MAJERAHA YA JANA NA YA JUZI

Yote hayo ni rahisi kuyasema kwa habari za karne ya 19. Tuje karibu zaidi.

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi. Wengi waliokuwa wakidharauliwa waliona siku yao imefika. Lakini katika siku na majuma yaliyofuata watu wengi waliuawa mjini na mashamba, hasa wenye asili ya Kiarabu. Idadi yao haijakubaliwa na wote mpaka leo. Wengine walipakiwa majahazini wakaondoka na nguo walizovaa, na wajukuu wao wanaongea Kiswahili cha Unguja kule Muscat. Aliyejitangaza kuwa jemadari wa siku hizo, John Okello, alikuwa mzaliwa wa Uganda na Mkristo, naye alidai kwamba sauti ya Mungu ndiyo iliyomwongoza. Sisemi haya ili kufungua upya mabishano ya siasa. Nayasema kwa sababu Mkristo wa Unguja anayeorodhesha makosa ya wengine hana budi kujua kwamba jirani yake naye anayo orodha, na ndani yake limo jina la Mungu lililotumiwa vibaya na mmoja wetu.

Yakafuata majeraha ya vyama. Mwezi Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Unguja na Pemba, wakafa watu wasiopungua 30, na wengine kama 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Watu wa visiwa hivi, ambao ni wa dini moja na mara nyingi wa ukoo mmoja, walifika mahali pa kususiana maziko na harusi. Muafaka ulitiwa saini mwaka 1999, ukatiwa saini tena mwaka 2001. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, na katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 watu 66 kwa kila 100 waliopiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hata maridhiano hayo yalitikisika mwaka 2015, uchaguzi ulipofutwa.

Kisha zikafika zamu zetu. Mwezi Mei 2012 makanisa yalichomwa moto. Siku ya Krismasi ya mwaka huo Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa vibaya. Tarehe 17 Februari 2013, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi upande wa Mtoni, alipokuwa akifika kanisani kuadhimisha Misa. Septemba 2013 padre mwingine alimwagiwa tindikali. Lakini haki yatudai tuseme pia kwamba Novemba 2012, kabla ya mapadre hawa wote, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali usoni. Walioumiza hawakuwa Uislamu ukiushambulia Ukristo. Walikuwa watu waliowachukia wote wanaotaka kuishi pamoja.

Siku zile wako waliosema kwamba msamaha ni woga, na kwamba shavu la pili halitolewi kwa mwenye bunduki. Wakauliza: mpaka lini? Swali lao ni la heshima. Lipo katika Zaburi. Lakini tuangalie kilichotokea. Wakristo hawakuchoma msikiti hata mmoja kulipiza. Misa iliendelea. Shule na zahanati za Kanisa hazikumfungia mlango mtoto wa Kiislamu wala mama mjamzito. Majirani wengi wa Kiislamu walikuja kuhani, wakaketi nasi, wakasema kwamba jambo hilo limewaaibisha wao kuliko sisi. Nathubutu kusema kwamba mwaka ule Injili ilisikika Unguja kuliko mwaka wowote ambao tungefunga vipaza sauti uwanjani.

"YALIYOPITA SI NDWELE"?

Hata hivyo yafaa tuwe waangalifu, maana upo msamaha wa bandia, nao unapendwa sana na wenye nguvu. Mithali yasema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ikisemwa na aliyeumia, ni hekima kubwa. Ikisemwa na aliyeumiza, ni amri ya kunyamaza. Mithali nyingine yaonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mkristo azishike zote mbili.

Mafundisho ya Kanisa hayakutenga kamwe msamaha na haki. Katika sakramenti ya Kitubio yupo anayejichunguza, anayejuta, anayeungama kwa kinywa, na anayefanya malipizi. Zakayo, aliposhukiwa na neema nyumbani kwake, hakutosheka na kulia. Aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na malipo ya mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Papa Yohane Paulo II alimtembelea gerezani Mehmet Ali Ağca, aliyempiga risasi tarehe 13 Mei 1981, akampa mkono. Lakini hakuomba siku ileile gereza livunjwe. Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya mwaka 2002 alifundisha kwamba hakuna amani pasipo haki, wala haki pasipo msamaha. Basi, kumsamehe muuaji si kuiambia polisi ifunge jalada. Ni kuacha kumtakia mabaya, huku ukitaka ukweli ujulikane ili asiuawe mwingine.

Tena lipo jambo linalosahauliwa na wahubiri. Anayeweza kusamehe ni aliyekosewa. Mimi siwezi kusamehe kwa niaba ya mjane, wala kumharakisha mama aliyempoteza mwanawe mwaka 1964 au 2001 au 2013. Viongozi wa dini tunaposimama jukwaani na kutangaza kwamba "tumesamehe", tujiulize kama tumewauliza wenye msiba. Wajibu wetu kwao ni kuketi nao, kuwasikiliza, kuwaombea na kuwatetea. Msamaha ukija, utakuja kama tunda, wala tunda halivutwi kwa kamba.

JINSI TATU ZA KUUPOTOSHA USHUHUDA

Sasa tuligeukie swali la kushirikisha imani. Naona jinsi tatu tunazokosea.

Ya kwanza ni kimya cha woga. Yupo Mkristo afichaye rozari kazini, na akiulizwa habari za imani yake hucheka na kubadili mazungumzo. Anadhani huko ni kuheshimu wengine. Kumbe jirani yake Mwislamu, ambaye haoni haya kusema "Inshallah" na kuondoka barazani wakati wa sala, humwona kama mtu asiye na kitu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, awaagiza waamini wawe tayari siku zote kumjibu kila aulizaye sababu ya tumaini lao. Lakini aongeza masharti mawili: upole na heshima.

Ya pili ni kelele za dharau. Wenye umri wanakumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, iliyoanzia Dar es Salaam na miji mingine ya bara ikavuka mpaka huku. Wahubiri wa pande zote mbili walishika vitabu vya wenzao, wakavipekua kutafuta la kuchekesha umati. Leo viwanja vimepungua, lakini mihadhara imehamia katika simu, na kijana wa Kikwajuni au Michenzani aweza kuitukana imani ya mwenzake kabla ya kunywa chai. Ajabu ni kwamba washindi wa mabishano hayo hawakumleta mtu kwa Mungu. Walileta uadui mitaani. Mtu haongoki kwa kuaibishwa.

Ya tatu ni chambo. Kutoa msaada wa chakula, ada ya shule au matibabu, kisha kudai roho ya mtu iwe malipo, ni biashara, nasi tunajua vema mji huu uliwahi kufanya biashara gani ya watu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini la mwaka 1965, ulikataza kueneza imani kwa shuruti au kwa ushawishi usio mnyofu, hasa kwa watu maskini na wasio na elimu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika ibara ya 19, yaifanya kazi ya kueneza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi. Neno hilo hiari lina pande mbili. Lanipa haki ya kusema, nalo lampa jirani yangu haki ya kusikia, kukataa, na kunieleza imani yake pia bila kunikuta nimekunja uso.

Hapa tuwe wakweli hata kwa sifa za wazee wetu. Watoto waliokombolewa majahazini na kulelewa na misheni hawakuulizwa sana wanataka dini gani. Lakini neema ilipita hata katika mlango huo mwembamba. Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotekwa katika jahazi mwaka 1864. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomeshwa Kiungani, alipewa daraja ya upadre mwaka 1890, akarudi bara, katika nchi ambayo watu wa kabila lake walikuwa wameuza na kuuzwa. Hakurudi na bunduki, wala hakurudi kuwatafuta waliomwuza. Alirudi na Injili. Hayo ndiyo mahubiri.

MANENO TULIYOAZIMWA

Liko jambo moja la kutunyenyekeza. Yatazameni maneno tunayotumia tunapokiri imani yetu: dhambi, toba, rehema, msamaha, imani, sala, sadaka, malaika. Yote hayo yana asili ya Kiarabu, nayo yalikwisha kukaa katika vinywa vya Waislamu wa pwani kabla hatujafika. Askofu Steere alipojifunza Kiswahili cha Unguja alisaidiwa na masheikh wa mji huu, na mmoja wao alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Biblia nzima kwa Kiunguja ilipopigwa chapa mwaka 1891, ilipigwa chapa kwa maneno tuliyoazimwa na majirani zetu. Hatuwezi kusema "Bwana, utuhurumie" bila kuwa na deni kwao hata katika lugha.

Nao wanatufundisha zaidi ya maneno. Kabla ya Ramadhani watu wa Unguja hutakana radhi, nyumba kwa nyumba. Mdogo kwa mkubwa, na mkubwa asiyejivuna kwa mdogo. Anayekwenda Makka kuhiji huwazungukia jamaa na majirani akiomba asamehewe. Penye maziko hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu awaone warithi, ili asizikwe na deni. Sisi tunayo Kwaresima ya siku 40, tena tunalo agizo la Bwana kwamba mtu aiache sadaka yake mbele ya altare akapatane kwanza na nduguye. Ni Wakristo wangapi, katika Kwaresima iliyopita, waliotoka kwenda kwa jirani kumtaka radhi? Mtu asiyeona haya kuiga mema ya mwenziwe hajapungukiwa na imani, ameikuza.

YATUPASAYO KUTENDA

Maoni yasiyo na tendo ni upepo. Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yasiyohitaji mfuko wala ofisi.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge juma moja la Kwaresima kwa ajili ya kutaka radhi. Kila mwanajumuiya amwendee mtu mmoja aliye nje ya Kanisa, ambaye amemkosea kwa neno au kwa tendo, amtake radhi bila kueleza sababu za kujitetea na bila kumkaribisha kanisani. Tendo hilo litoshe lenyewe.

Pili, tunaowaongoza wageni na watoto wetu katika mahali pa kumbukumbu, kama Mkunazini na lile pango la watumwa la Mangapwani, tuisimulie historia yote. Tumtaje Morice wa Kilwa pamoja na wafanyabiashara wa Unguja. Tumtaje aliyelipwa fidia na asiyelipwa. Tumtaje Jairam Senji aliyetoa kiwanja. Mtoto aliyelelewa kwa ukweli nusu hukua na chuki nzima.

Tatu, wazazi na makatekista wawafundishe vijana kuieleza imani yao kwa maneno machache, safi, yasiyomtaja mwenzao kwa ubaya. Kijana aulizwapo barazani, "Nyinyi mnaamini nini?", aweze kujibu kwa dakika tano, kisha aulize, "Na wewe je?", akasikilize jibu kwa dakika zilezile tano. Na ujumbe wa matusi ukimfikia katika simu, uishie kwake.

Nne, tusiache kudai haki. Palipo na mauaji, tuulize uchunguzi umefikia wapi, na tuulize kwa sauti ileile aliyeuawa akiwa padre, sheikh au mfuasi wa chama tusichokipenda. Tume ya Haki na Amani itakayolia kwa ajili ya wake tu, imekwisha kuacha kuwa ya haki.

Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, kwa bwana wake Filemoni, hakumwandikia amri. Alimwomba ampokee kama ndugu, na kama kuna deni, aliandike juu yake yeye Paulo. Huo ndio mwisho wa jambo hili. Anayesimama katikati ya waliokosana hana budi kuwa tayari kulipa kitu kutoka mfukoni mwake: muda wake, heshima yake, haki yake ya kusema neno la mwisho. Stefano alipokuwa akipigwa mawe aliwaombea waliompiga, na kijana Sauli alikuwa pale akilinda nguo zao. Hatujui ni Sauli gani anayetutazama leo kutoka barazani. Atakayoyakumbuka siku moja huenda yasiwe hoja zetu. Atakumbuka tulivyowatendea waliotutenda vibaya.